Kilio cha Mashine

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Tarehe imepatikana. Jumatano ya tarehe 22 asubuhi Mama anaingia hospitali, kesho yake wanatoa goita. Daktari alichora shingo kwenye karatasi, akatuonyesha kwa kalamu ya bic: nyuma ya goita unapita mshipa wa sauti. Kwa kawaida hawaugusi. Wakiugusa, sauti inaweza kubaki ya kukwaruza, au ile ya juu ikaenda moja kwa moja. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya sokoni. Halafu akauliza kama siku ile atakula au hatakula.

Mimi sikusikia kingine baada ya neno sauti.

Niandike vizuri, nisijidanganye baadaye. Mama ndiye pekee aliyebaki anayejua Vagoni, wimbo wetu wa kilio. Kambo Adrien, babu yangu, baba yake Papa, alikuwa anafunga vagoni, mabehewa ya treni, kwenye reli — ile kazi ya kusimama katikati na kuziunganisha huku treni inarudi nyuma. Alipokufa, mkewe Kambo Brigitte alimlilia kwa maneno ya kazi yake: funga vagoni, Adrien ameingia. Tangu siku ile kila mtu wa familia akifa, kwenye kilio anafungiwa vagoni yake nyuma ya wengine, na wimbo unaanza upya kutoka wa kwanza. Sasa ni watu thelathini na mmoja. Wa mwisho ni Papa. Kila mmoja ana maneno yake mawili matatu: alipenda nini, alikosana na nani. Haujaandikwa popote. Uko kwenye shingo ya Mama.

Anayefunga vagoni mpya ni yule aliye karibu zaidi na marehemu. Papa alifungwa na Mama. Sisi watoto tulitakiwa kuitikia. Kaka yangu Sylvain aliitikia. Mimi koo lilifunga kabisa! Nilienda kusimama karibu na jenereta nikajifanya naangalia mafuta.

Kuimba siwezi, basi. Lakini waya na vifungo naviweza. Siku kumi na sita. Nitaurekodi wote, kutoka Kambo Adrien hadi Papa.

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Mashine yangu ni ya zamani, kifuniko kinashikwa na skochi, utepe wa kubandikia. Mwaka jana virusi viliimaliza. Hénoc — tulisoma naye, sasa anatengeneza kompyuta kule mtaa wa Golf — akafuta yote akaniwekea Linux, mfumo ule uliotayarishwa kwa watu wa muziki. Programu ya kurekodia inaitwa Ardour. Haidai leseni, haidai intaneti. Inadai subira. Subira sina, kichwa kigumu ninacho.

Nimeazima mikro, maikrofoni ya korali ya parokia. Simu hapana: tangu ilipoanguka kwenye beseni, kila anayeongea yuko ndani ya ndoo. Nikahesabu moja hadi kumi, nikasikiliza kwa casque, spika za masikioni. Moja — tk — mbili — tk tk — tatu. Kama mtu anakaanga karanga nyuma yangu!

Jioni nikamwambia Mama nataka kurekodi sauti yake. Nyimbo za kanisa? Hata sasa hivi. Vagoni? Akaacha kuchekecha unga.

— Nani amekufa?

— Hakuna, Mama. Ni ya kuchunga tu, isipotee.

— Shi unataka nilie nani? Habaimbake kilio mu nyumba yenye haina maiti. Unataka kutuitia lufu, mutu afe?

Akaendelea na unga wake. Nikarudi kwenye karanga zangu.

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Siku mbili za karanga. Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kumbe mashine inapokea sauti kwa tonge. Tonge likiwa dogo mno mengine yanafuata haraka, haiwahi kumeza, inadondosha. Nimeongeza tonge kutoka 64 hadi 1024. Karanga zimepungua, hazijaisha.

Hénoc kwa simu: lazima nijiandikishe kwenye kikundi kinachoitwa audio, ndipo mashine inipe nafasi ya mbele. Nimeandika amri herufi kwa herufi. Mara tatu. Inasema sawa, nimo kwenye kikundi. Karanga ziko palepale. Inanidharau!

Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Hénoc ameuliza swali moja: baada ya kuandika amri, ulitoka ukaingia upya? Sikutoka. Sijaizima mashine tangu Agosti! Lakini hapa kwetu nani anazima? Umeme ukiwepo unachaji; ukienda unafunga kifuniko, ilale, kwa sababu kuiwasha upya kunakula betri yote. Alicheka mpaka nikamkatia simu.

Nimezima. Nimewasha. Moja, mbili, tatu — safi. Safi!! Hakuna hata karanga moja. Niliruka nikagonga kichwa kwenye kabati.

Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Saa sita mchana moulin ya jirani, mashine ya kusaga unga, inasimama kwa chakula. Hiyo ndiyo studio yangu: dakika arobaini. Blanketi mbili mlangoni, madirisha yamefungwa, joto la Oktoba la kuchemsha mayai. Mama ameimba nyimbo nne za kanisa amekaa kwenye kiti cha Papa. Nilipomsikilizisha kwenye casque alishika kifua. Akasema: huyu mama anaimba muzuri, ni wa parokia gani?

Nikatumia ile furaha yake. Si lazima kuimba, Mama, niambie tu majina. Taja tu, kama orodha. Akakubali! Alitaja kumi na tisa, akamweka marehemu Chama mbele ya baba yake mzazi, akajishtukia, akarudi nyuma, akapotea. Bila sauti majina hayamjii. Alikasirika, lakini nadhani alijikasirikia mwenyewe. Alivua casque akaenda kufua nguo zilizokwisha fuliwa.

Sasa najua. Ni wimbo wote au hakuna kitu.

Jumanne, 14 Oktoba 2025

Nimejaribu mlango mwingine: amwimbie Papa, kwa kumbukumbu. Hapana. Papa alikwisha kuliliwa, alikwisha kufungwa, ukimwita tena atafikiri kuna jambo. Mama si mtu wa hasira. Anakataa huku anakupakulia mboga.

Jumatano, 15 Oktoba 2025

Sylvain amepiga simu kutoka Kasumbalesa, mpakani, nyuma yake malori yanapiga honi. Habari: Mzee Kapya, binamu wa Papa, amelazwa, hali mbaya, padri ameitwa.

Nilifurahi.

Sekunde moja, si zaidi. Nilihesabu: akienda Ijumaa, kilio Jumamosi, nafika na mikro... Halafu nikajisikia nilivyowaza. Mzee aliyeninunulia viatu vya komunyo! Naandika hapa ili nikisoma tena nione aibu tena.

Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Mzee Kapya ameketi kitandani. Anadai nyama. Amewaambia manesi supu yao ni maji ya kuoshea sahani. Asante Mungu. Nasema kweli, asante.

Siku tano.

Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Imekufa!

Saa nne asubuhi nilifungua nisafishe nyimbo za kanisa. Skrini ikaganda. Ndani ikaanza kulia: kak, kak, kak, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikazima, nikawasha. Maandishi meupe kwenye weusi: haioni diski. Nikawasha tena. Na tena. Kak, kak. Halafu hata hiyo kak ikaisha.

Nyimbo nne. Majina kumi na tisa. Hata ile sehemu Mama anacheka na kuuliza parokia. Sikuwa nimenakili popote — mimi, ambaye kazini, tunakochapa karatasi za watu, natukana wateja wasionakili!

Niliweka mikono kichwani nikalia. Si machozi ya hasira. Nililia kabisa, na sauti, kama ambavyo sijalia tangu Papa — hapana, kwa Papa sikulia. Nililia leo. Juu ya mashine yenye skochi.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliniangalia. Akaangalia mashine. Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akakaa chini, sakafuni, miguu imenyooshwa, vile wanavyokaa msibani. Akaanza kwa sauti ya chini kabisa: funga vagoni, Adrien ameingia... Mistari miwili. Kwanza nilidhani ananitania, nusu alikuwa ananitania. Halafu akaukatisha, akanigusa goti.

— Sasa maiti iko, amesema.

Sikuelewa. Akanionyesha mashine kwa mwiko. Si imekufa? Si unailia kweli, na makamasi? Basi nyumba ina maiti. Kilio kinaweza kuimbwa. Lakini kabla haijazikwa, na yeye Jumatano anaingia hospitali.

Mama wangu! Wiki mbili nagonga mlango, kumbe ufunguo ni kufiwa. Na sasa amekubali, sina cha kurekodia!

Kisha masharti yake. Mashine haikubatizwa, haiwezi kukaa na Wakristo, itafungwa nyuma kabisa, vagoni ya mizigo. Na maiti lazima iwe pale mezani, si kwa fundi. Na jambo lingine:

— Maiti ni yako. Shi ni weye utafunga vagoni yake.

Nikasema ndiyo, ndiyo, Mama. Nilikuwa nawaza diski.

Jumapili, 19 Oktoba 2025

Baada ya misa nilimpigia Hénoc. Alisikiliza bila kucheka, kwake jambo la ajabu. Halafu akauliza taratibu: ile clé, ile flashi niliyokuwekea Linux nayo mwaka jana, uliitupa?

Sikuitupa. Iko kwenye droo, kati ya rozari iliyokatika na betri za tochi.

Anasema diski ndiyo imekufa, si mwili wote. Linux inaweza kutembea kutoka kwenye clé, bila diski kabisa. Ardour imo humo humo. Itakuwa polepole, na nikizima inasahau kila kitu, kwa hiyo sauti niiweke kwenye clé ya pili. Nikamuuliza mara mbili: maiti inaweza kurekodi? Akasema inaweza kurekodi kilio chake yenyewe. Tumecheka wote wawili mpaka Mama akatoka kuuliza nani anacheka kwenye nyumba ya msiba.

Wakati wa chakula Mama aliongea kidogo kuhusu zile nyimbo nne zilizopotea. Hakunilaumu. Alisema tu niliweka yote ndani ya mashine, na mashine imekufa nayo yote. Na kinywa ninacho. Nikamjibu kinywa changu ni cha kula. Hakucheka.

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Sikuenda kazini. Nilisema nimefiwa — ni kweli!

Kwa saa tatu nzima mashine ilikataa kuiona clé. Inatafuta diski, haikuti, inakata tamaa. Unabonyeza kifungo mapema mno, hapana; umechelewa, hapana. Mara ya kumi na kitu menyu ikatokea. Nikachagua clé. Nukta zikazunguka... zikazunguka... nilisali Salamu Maria nzima... na skrini ikafunguka, ya bluu, tupu, kama mtoto aliyezaliwa leo.

Mikro inasikika. Tonge 1024. Moja, mbili, tatu — safi.

Clé ya pili ni ya kazini, imejaa mémoires, tasnifu za wanafunzi wa watu, siwezi kufuta hata ukurasa. Iliyobaki ni nafasi ndogo. Ardour inaihesabu yenyewe: dakika ishirini na sita. Nimemuuliza Mama Vagoni ni dakika ngapi. Amesema kilio hakina saa. Nikasema hiki kinayo.

Mashine ikiwa kazini betri inashika dakika nne, kwa hiyo lazima umeme. Kesho mchana, moulin ikisimama. Nimeandika, nimepiga mstari chini.

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Umeme umeenda saa mbili asubuhi.

Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Nimezunguka mtaa mzima wa Bel-Air kutafuta jenereta. Iliyopatikana inalia kuliko moulin, na kuiweka mbali waya hautoshi. Nimetukana kwa Kifaransa, Mama asielewe. Ameelewa.

Amefunga mfuko wake wa hospitali: vitenge viwili, sabuni, chandarua. Anakunywa maji ya vuguvugu ili kulainisha shingo. Hajaniambia neno lolote la kunituliza. Amepanga kiti cha Papa mezani, na mashine mbele yake, na juu ya mashine ameweka kitambaa cheupe.

Sylvain anakuja na gari kesho saa moja. Siendi kulala nimeshindwa. Nitaweka taa ikiwa imewashwa, umeme ukirudi iniamshe.

Jumatano, 22 Oktoba 2025

Saa kumi na mbili kasoro kumi — taa!! Mama alikuwa macho, amevaa tayari.

Clé imekubali mara ya nne. Mikro. Blanketi. Nimetoa kitambaa cheupe. Mama amekataa kukaa kwenye kiti, kilio ni chini; nimekaa mimi. Nimeshusha mikro chini, nimeifunga kwenye mguu wa meza kwa skochi ya kifuniko. Sasa kifuniko nakishika kwa mkono wa kushoto.

Anaimba.

Naandika kwa sababu kalamu haina kelele. Kiti kinalia, siwezi kuinuka. Mstari mwekundu unatembea, na sauti yake inajaa ndani yake, nene. Hakuna karanga. Adrien ameingia, aliyefunga vagoni za wengine. Brigitte ameingia, aliyewanyima watoto sukari akawapa Krismasi. Majina hayamtoroki! Kila jina linavuta lingine. Chama ameingia, nyuma ya baba yake, mahali pake.

Dakika kumi na tisa zimebaki. Amefika wa kumi.

Sauti yake ya juu... Sikujua iko juu hivyo. Shingo inatetemeka palipovimba. Kwenye kila vagoni anasimama kidogo, anangoja kuitikiwa, hakuna anayeitikia, anaendelea. Nimeona. Najifanya naangalia skrini.

Dakika kumi na mbili. Yuko wa ishirini.

Majirani wanaongea ukutani. Mtu anauliza kwa nani? Kuna lufu kwa ba Floribert? Watakuja kwetu na viti, najua.

Honi nje. Sylvain, mapema! Amesikia kutoka barabarani — honi imekatika katikati. Geti. Mbio. Ameingia uso wa majivu, shati nje, amepiga kelele jina langu, Bénie! Kelele hiyo imo, imerekodiwa, juu ya jina la marehemu Tantine Mado, shangazi yetu. Nimeweka kidole mdomoni. Nimemwonyesha mashine. Haelewi. Amemwangalia Mama, ameniangalia mimi, amehesabu: wote tuko hai. Amekaa chini, kofia mkononi. Mama hajaacha kuimba hata kidogo.

Saba.

Sylvain anaitikia. Hajui ni kwa nani, anaitikia tu, na ile sauti anayowapigia mapolisi wa mpaka. Wimbo umekuwa mkubwa mara mbili. Mashine imebeba.

Floribert ameingia, aliyekula polepole, aliyependa redio kuliko wageni. Papa. Papa amefungwa. Macho yangu hayaoni vizuri, mwandiko huu sijui kama utasomeka.

Nne.

Mama amegeuka kwangu. Anaimba: funga vagoni...

Amenyamaza. Hapo ndipo pa jina la mashine. Hatamki.

Nilisema ndiyo Jumamosi, nitaifunga mimi. Nilifikiri ni mzaha wake.

Tena: funga vagoni... Mkono wake uko shingoni. Sylvain ananiangalia. Mstari mwekundu unaenda mbele umenyooka, hauna kitu ndani. Tatu.

Koo limefunga, lile lile la siku ya Papa. Hapa hakuna jenereta ya kwenda kuangalia.

Mama hanisaidii. Amevuta pumzi, ameishika, ananingoja. Nafungua kinywa, naweka kalamu chini